Sungura anazaa, nani anakula?

Wadau, leo tuzungumze sungura. Simsemi Sungura mjanja wa hadithi za bibi, yule anayekula asali ya Simba na kumwachia Fisi kesi. Namsema huyu wa kwenye kizimba, mweupe, macho mekundu, ambaye katika miaka ya 2010 alitangazwa kila kona ya Afrika Mashariki kwamba ndiye atakayetutoa kwenye umaskini. Hesabu zenyewe bila shaka mnazikumbuka. Jike hubeba mimba siku 31 tu. Anazaa watoto sita, saba, wengine hata kumi. Wiki 12 baadaye mtoto ana kilo mbili na anafaa kuchinjwa, na mama yake zamani ameshashika mimba nyingine. Chukua majike kumi, zidisha, zidisha tena, ukifika chini ya karatasi wewe ni milionea.

Kazi yetu hii ya uandishi wa habari ina ugonjwa wake. Ukisikia hesabu tamu unataka kujua nani aliipiga kwa mara ya kwanza. Nikaanza kufukua, usiku baada ya usiku, na nilichokikuta kikanifanya nicheke na kusikitika kwa pamoja. Hesabu hii ina umri mkubwa kuliko babu zetu. Imeshapigwa Tokyo, imeshapigwa Los Angeles, na kote huko karatasi ilikuwa na safu ya majike, safu ya watoto, safu ya bei, ila haikuwa na safu ya mlaji.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mnyama mwenyewe, maana Kiswahili kinatuchanganya. Sungura wa porini kwetu, yule anayeruka mbele ya taa za basi usiku, ni jamaa mwingine kabisa. Huyo huzaa juu ya ardhi, na watoto wake hutoka na manyoya na macho yamefunguka. Wa kufugwa huzaa watoto uchi, vipofu, ndani ya shimo au sanduku. Asili yake ni Hispania na Ureno na kusini mwa Ufaransa, na huku kwetu aliletwa na Wazungu. Tukampa jina la mwenyeji na biashara ikaendelea.

Vitabu vingi vya ufugaji vitakuambia kwamba alianza kufugwa karibu mwaka 600, pale Papa Gregori alipotangaza kwamba vitoto vya sungura vilivyo tumboni au vilivyozaliwa sasa hivi si nyama, hivyo watawa wa Ufaransa wakavila hata wakati wa Kwaresima. Hadithi tamu sana. Tatizo ni kwamba mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa Oxford, waliifuatilia hadi kwenye chanzo chake wakakuta Papa hakutoa tamko lolote la namna hiyo. Kulikuwa na Gregori mwingine, askofu wa Tours, aliyeandika habari za mtu mmoja aliyekula vitoto vya sungura wakati wa Kwaresima, na karne kadhaa baadaye Gregori wawili wakawa mmoja. Kinachoonekana kweli kwenye vinasaba ni kwamba sungura wote wa kufugwa wana asili ya sungura mwitu wa Ufaransa. Kabla ya hapo Warumi walikuwa wakiwaweka ndani ya nyua zilizozungushiwa ukuta, wanawala, lakini ule hauwezi kuitwa ufugaji hasa. Ni stoo ya nyama inayotembea.

Huko Ufaransa na Italia vijijini, sungura akawa mnyama wa mama na watoto. Masanduku ya mbao nyuma ya nyumba, majani ya kando ya njia, maganda ya jikoni, na siku ya sikukuu mmoja anaingia chunguni. Aliyetajirika kwa namna hiyo simjui, lakini hata aliyefilisika hakuwepo, kwa sababu hakuna aliyekopa ili akate majani. Naomba mkumbuke hayo masanduku, maana tunakokwenda sasa ni kwa matajiri.

Tuanze na Tokyo. Mwaka 1868 utawala wa mashogun uliangushwa, mfalme akarudishiwa madaraka, na tabaka la samurai likabaki na panga viunoni na mustakabali wa mashaka. Wengine wakatafuta biashara. Wakati huohuo wafanyabiashara wa kigeni walikuwa wakiingiza sungura wa rangi na mabaka ambayo Wajapani hawakuwahi kuyaona. Kufikia 1872 jiji likashikwa na homa. Watu walikutana kuwalinganisha sungura na kuwapiga mnada, na mwenye mabaka adimu alinunuliwa kwa fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida angezitafuta miaka. Wapo waliompaka rangi sungura mweupe ili wapandishe bei! Serikali ilijaribu kuzuia mikutano hiyo ikashindwa, ndipo Desemba 1873 ikaja na dawa chungu: kodi ya yen 1 kwa kila sungura kwa kila mwezi, na asiyemwandikisha sungura wake analipa faini ya yen 2 kwa kichwa.

Bei ilianguka mara moja. Mnyama aliyekuwa akilala kwenye mto wa hariri akawa mzigo unaodaiwa kodi, akachunwa ngozi na kuliwa. Hapo ndipo mlaji alipoingia kwenye hadithi, tena kwa bei ya kutupa. Nje kidogo ya mada: Wajapani mpaka leo wanaweza kumhesabu sungura kwa neno la kuhesabia ndege, na inasemekana sababu ni kwamba zamani, walipokatazwa nyama ya wanyama wa miguu minne, walijidai kwamba huyu ni ndege. Kumbe si sisi tu tunaobadilisha majina ya vitoweo.

Sasa Los Angeles, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipojiona nasoma habari za mtaani kwetu.

Mnyama wao aliitwa Belgian Hare. Jina linamwita wa porini, lakini ni sungura wa kufugwa aliyechaguliwa vizazi na vizazi na wafugaji wa Uingereza ili afanane na wa porini: mwekundu, miguu mirefu, mwembamba kama mkimbiaji wa mbio ndefu. Alishafika Marekani mwaka 1888, ila homa yenyewe ilipanda kati ya 1898 na 1901, na kitovu chake kilikuwa kusini mwa California. Los Angeles ulikuwa mji unaojaa wageni kutoka majimbo ya mashariki, watu wenye akiba kidogo na uwanja nyuma ya nyumba. Wakaambiwa kwamba sungura hahitaji shamba, hapigi kelele kama kuku, nyama yake nyeupe inazidi ya kuku, na jike mmoja atajaza uwanja mzima mwaka haujaisha. Mnaisikia hiyo? Mimi nilidhani nasoma kipeperushi cha mwaka 2015.

Magazeti ya wakati ule siku hizi unaweza kuyasoma kwenye intaneti, na ukurasa baada ya ukurasa ni matangazo ya sungura. Inatajwa kwamba ndani na pembezoni mwa mji kulikuwa na mabanda zaidi ya 600 ya biashara na sungura wapatao 60,000. Mwaka 1900 peke yake waliingizwa zaidi ya 6,000 kwa meli kutoka Uingereza. Kulikuwa na vyeti vya ukoo vinavyotaja baba, babu na babu wa babu, na waamuzi wa kulipwa waliompa kila sungura alama kama mtihani wa shule. Madume maarufu walikuwa na majina kama ya mabondia. Mmoja aliitwa Fashoda, na jina hilo limetoka huku kwetu Afrika: ni pale kwenye Mto Nile, Sudan Kusini ya leo, ambapo mwaka 1898 majeshi ya Uingereza na Ufaransa nusura yapigane. Mji ule uliokuwa ukiwania roho ya Sudan ukaishia kuwa jina la sungura wa California, na bei yake ikatajwa kwa maelfu ya dola.

Nani alikuwa akinunua? Hili ndilo swali la mwandishi wa habari yeyote, na jibu liko kwenye matangazo yenyewe. Mnunuzi wa sungura alikuwa mtu anayetaka kuanza kuuza sungura. Aliyeanza Januari alimuuzia aliyeanza Juni, naye alimtafuta wa Desemba. Nyama ilitajwa kwenye kila tangazo, lakini kwa bei zile, kumchinja jike wa mbegu ilikuwa sawa na kuchoma noti mahindi yaive. Kinachochekesha zaidi ni kwamba Belgian Hare hakuwa hata sungura mzuri wa nyama. Mwembamba! Mwaka uliofuata ulipofika, kila aliyetaka sungura alikuwa naye, na jirani yake pia, na mama mkwe wa jirani. Wanunuzi wapya wakaisha. Kufikia 1901 sokoni alibaki mnunuzi mmoja tu, mwenye sufuria, naye alikuwa akilipa bei ya nyama.

Vita vilikuja na sura nyingine. Uingereza, katika Vita Kuu ya Pili, nyama iligawiwa kwa vitabu vya mgao, lakini sungura wako wa uani alikuwa nje ya mgao. Serikali yenyewe ikahimiza. Vilabu vya wafugaji vikaundwa mitaani, na wanachama ndio waliopata pumba. Huko sungura aliliwa kweli, hakuna ubishi. Lakini mwaka 1953 ugonjwa wa myxomatosis ukaingia na kuwaua sungura mwitu kwa mamilioni, mabarabarani wakaonekana wamevimba macho, na Julai 1954 mgao wa nyama ukaisha. Tamaa ya sungura ikapotea kabisa. Kizazi kilichomla kwa shida kilimkumbuka kama chakula cha shida, na nani anataka kurudia ugali wa yanga wakati sembe ipo?

Serikali nyingine ilijaribu kuvunja ukuta huo mwaka 2017. Venezuela ilikuwa na njaa, ikaanzisha mpango wa kugawa sungura kwenye vitongoji vya maskini ili watu wazalishe nyama. Waziri mhusika, Freddy Bernal, alieleza mbele ya kamera kwamba maofisa walirudi wakakuta watu wamewafunga sungura utepe shingoni, wamewapa majina na wanalala nao kitandani. Dunia ilicheka sana. Mimi naona yule waziri alisema ukweli ambao wauza mabanda huwa hawausemi: unaweza kumgawia mtu mnyama kwa siku moja, lakini kumfanya amwone kuwa kitoweo ni kazi ya vizazi.

Turudi nyumbani sasa, maana wengi tunadhani sungura wa kufugwa ni habari ya juzi. Desemba 1978 wataalamu walikutana Morogoro kwa siku kadhaa, mada yao ikiwa moja tu: ufugaji wa sungura Afrika. Angalieni tarehe hiyo. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, nchi nzima inasikiliza redio, malori yanapeleka vijana mpakani, na Morogoro watu wanajadili vizimba, majani na vifo vya vitoto. Siwadharau hata kidogo. Walikuwa wakitafuta namna ya kumpatia mtoto wa kijijini nyama bila ng'ombe, na mfano mkubwa uliozungumzwa barani miaka ile ulikuwa mradi wa taifa wa sungura wa Ghana, uliolenga familia zifuge wachache na kula. Kenya nayo ilikuwa na sungura wake, wengi wakiwa mikononi mwa watoto wa shule na vilabu vya 4-K, na kituo cha serikali cha mbegu kule Ngong.

Ukitazama mipango ile ya zamani, ilikuwa na shabaha ya nyama. Ya miaka ya 2010 ilikuwa na shabaha ya pesa, na hapo ndipo Los Angeles ilipohamia kwetu. Tayari tulishaonywa. Kenya ilipata homa ya kware mwaka 2013, mayai yake yakasemwa kuwa dawa ya kila kitu, na mapema 2014 watu walikuwa wakiwafungulia kware milango waende zao. Sungura alifuata njia ileile, akiongezewa na mkojo wake, ambao unauzwa kama mbolea ya majani na dawa ya wadudu. Zikaja kampuni za mikataba: unanunua kwao banda, unanunua kwao mbegu, unanunua kwao chakula na semina, nao wanaahidi kuja kununua sungura wako wote kwa bei nzuri.

Mtaani kwetu yupo mwalimu mstaafu aliyeingia kwenye mkataba wa namna hiyo kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Hakuwa mjinga, hesabu amefundisha miaka zaidi ya thelathini. Sungura walizaa kama walivyoahidiwa. Awamu ya kwanza walichukuliwa na akalipwa, akawaita wenzake wawili. Awamu ya pili gari lilichelewa. Ya tatu, simu ikaita bila kupokelewa. Kwenye biashara ya nyama, mnyama asiyeondoka akifikisha wiki 12 anaanza kula faida, na baada ya mwezi anakula mtaji. Chakula cha viwandani kikamshinda, akarudi kwenye majani, ukurutu ukaingia masikioni mwa sungura, kuhara kukamaliza vitoto. Nilipomuuliza kama kabla ya kuanza aliwahi kula nyama ya sungura, alinitazama kwa muda. "Mwanangu, mimi ni Msabato," akasema.

Hapo ndipo palipo na mzizi wa jambo lote. Msabato hamli sungura, kwa sababu Mambo ya Walawi sura ya 11 inamtaja kuwa najisi, na kuna maeneo makubwa ya Upareni, Mara na Kisii ambako hilo si jambo dogo. Waislamu wa Sunni wanamla, iko hadithi ya Anas inayosimulia jinsi Mtume alivyopokea mnofu wake, lakini Mashia hawamli, na wengi wa Sunni wenyewe hawajui kama ni halali hivyo wanaona bora wapite. Wengine hawana dini yoyote katika hili, wanasema tu kwamba kichwa chake akishachunwa kinafanana na cha paka. Ongeza kwamba kuku yupo, dagaa wapo, na kilo ya sungura inauzwa ghali kwa sababu mfugaji alinunua mbegu ghali. Mchuuzi wa buchani hana sababu ya kumpa nafasi kwenye friji.

Lakini msiondoke na dhana kwamba Mwafrika hali sungura. Nendeni Misri. Kule sungura hupikwa na mulukhiya, ambayo ni mboga ileile tunayoiita mlenda, kwa vitunguu saumu na giligilani, na ni chakula cha kumkaribishia mgeni wa heshima. Misri ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa sungura duniani, na wafugaji wengi ni akina mama wa vijijini na mijini wenye vizimba juu ya dari au nyuma ya nyumba, wanaokula wao na kuuza ziada kwa jirani. Malta nako kitoweo cha taifa ni sungura. Watu hawa hawakushawishiwa na semina. Chungu kilikuwepo kwanza, kizimba kikafuata.

Nilikuwa sijawamalizia watu wa Los Angeles. Baada ya 1901 wengi walifunga mabanda, lakini wachache walibaki, safari hii wakiwa na swali la mchinjaji badala ya swali la mnadani. Wakaachana na mwembamba yule, wakaanza kutafuta sungura mnene wa kiuno, anayekua haraka na mwenye manyoya meupe. Huko California, katika miongo miwili iliyofuata, ndiko alikotengenezwa New Zealand White, ambaye pamoja na jina lake ni mzaliwa wa Marekani. Mwaka 1923 mfugaji aitwaye George West akaanza kuchanganya damu hadi akampata Californian, mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi. Mwaka 1928 serikali ya Marekani ikafungua kituo cha utafiti wa sungura Fontana, mwendo mfupi kutoka Los Angeles, ambako watu walikaa miaka wakipima vitu visivyo na mvuto wowote: gramu za chakula kwa gramu za nyama.

Hao wawili ndio waliojaa kwenye vizimba vyetu leo. Mwalimu wangu bado anao kumi na wanne, New Zealand White watupu, anawalisha majani ya viazi vitamu na magugu anayokatiwa na wajukuu. Kila Ijumaa kijana mwenye jiko la kuchoma nyama karibu na stendi huja na baiskeli kuchukua wawili au watatu, anawauza kwa vipande na ndizi za kuchoma. Mwenyewe mwalimu mpaka leo hajaonja.